Bessbrook: Kijiji Kilichokataa Pombe, Poni na Polisi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Je, mmewahi kusikia habari za kijiji kizima kilichojengwa bila baa hata moja? Tena si kijiji cha nyumba kumi, la hasha! Ni kijiji kikubwa chenye kiwanda, maduka, shule na makanisa. Najua kuna watakaocheka na kusema, "Huko hakukaliki!" Subirini kidogo, haraka haraka haina baraka. Kijiji hicho kinaitwa Bessbrook, nacho kiko Ayalandi. Nimekichagua kwa sababu historia yake inagusa swali ambalo hata sisi hulibishania chamani kila muhula: je, ukiondoa vishawishi vibaya mahali, watu wa hapo watakuwa wema?

MAHALI NA JINA LAKE

Bessbrook kiko kusini mwa Kaunti ya Armagh, katika Ayalandi ya Kaskazini, mwendo wa maili tatu hivi kutoka Newry. Upande huo wa kisiwa uko chini ya Uingereza, na mpaka wa Jamhuri ya Ayalandi hauko mbali. Mpaka huo uliwekwa mwaka wa 1921, na kama tutakavyoona, ulikuja kuwaletea wanakijiji matatizo si haba. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2011 ilipata wakazi wapatao 2,700. Kwetu sisi watu hao huweza kujaa katika soko moja siku ya gulio, lakini kule hicho ni kijiji kikubwa.

Jina lenyewe lina sehemu mbili. "Bess" ni kifupi cha Elizabeth, mama mmoja wa ukoo uliokuwa ukifanya kazi ya kitani hapo zamani. "Brook" ni kijito. Kwa hivyo tungeweza kukiita Kijito cha Bess. Na maji hayo si ya kupamba jina tu. Ndiyo yaliyozungusha mitambo, na pasingekuwa na maji, pasingekuwa na kijiji.

KITANI NI NINI?

Msomaji, tafadhali usichanganye kitani na katani. Katani hutoka kwenye mkonge, ule mmea wa majani makali yenye miiba, nayo hutengenezewa kamba na magunia. Kitani ni mmea mwembamba wenye maua ya samawati, unaofika kimo cha mita moja hivi, nao hutoa nguo laini na ya fahari. Mmea huu haukatwi kwa panga. Hung'olewa na mizizi yake ili nyuzi zibaki ndefu. Kisha hulowekwa majini siku kadhaa mpaka shina lioze na kuachana na nyuzi. Harufu yake hapo, wacha tu! Baadaye huanikwa, hupondwa, huchanwa kama nywele, nyuzi husokotwa, na mwisho kitambaa hufumwa na kufanywa cheupe.

Kazi hii ndiyo iliyoipa Ayalandi ya Kaskazini jina duniani. Vitambaa vya meza vya Bessbrook vilisifika hata ng'ambo.

TAJIRI ALIYEKUWA NA NDOTO

Mwaka wa 1845 biashara ya Bessbrook iliingia mikononi mwa ukoo wa Richardson, na aliyekuwa kiongozi wa mambo ni John Grubb Richardson. Mwaka huohuo ndio ugonjwa wa viazi ulipoingia Ayalandi na kuleta ile njaa kuu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakapanda meli kukimbilia Marekani na kwingineko. Katika wakati kama huo, kupata kibarua kiwandani kulikuwa sawa na kupata uhai.

Richardson alikuwa wa dini ya Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quakers. Hawa sio wageni kwetu. Wamishonari Wamarekani wa dini hiyo walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Marafiki wa tangu jadi hukataa vita, na huamini kwamba ndani ya kila mtu, awe tajiri au hohehahe, kuna nuru ya Mungu.

Richardson hakuishia kusema tu. Ukoo wake ulikuwa na hisa katika kampuni ya meli za Inman. Ilipofika mwaka wa 1854, meli hizo zikataka kukodishwa ili zibebe wanajeshi kwenda vita vya Krimea. Akina Richardson walikataa katakata, wakajitoa katika biashara hiyo. Naomba msomaji ulishike jambo hili, kwa maana tutalirudia mbele.

Basi huko Bessbrook aliamua kuwajengea wafanyakazi wake kijiji cha mfano. Nyumba zilijengwa kwa mawe magumu ya pale pale, zikaezekwa kwa vigae vya mawe, zikapangwa kuzunguka viwanja viwili vyenye majani mabichi: Charlemont na College. Palikuwa na shule, maduka, zahanati na jumba la kusomea. Wafanyakazi walikuwa wa madhehebu mbalimbali, Wakatoliki na Waprotestanti, wakaishi kijiji kimoja na kufanya kazi chini ya paa moja. Yote haya yalifanyika miaka mingi kabla ya akina Cadbury, wale wa chokoleti, ambao pia walikuwa Marafiki, kujenga kijiji chao cha Bournville kule Uingereza.

ZILE P TATU

Sasa tufike penyewe. Kwa Kiingereza vitu vilivyokatazwa Bessbrook vyote vilianza kwa herufi P. Kwa bahati njema hata Kiswahili chatukubalia: pombe, poni na polisi. Poni ni duka la rehani, pale ambapo mtu mwenye shida hupeleka koti au saa yake, akapewa pesa kidogo, na asipozirudisha kwa wakati na riba yake, mali hiyo imekwenda.

Mawazo yenyewe yalikuwa kama ngazi. Siku ya mshahara baba hupitia baa. Akitoka huko mfuko umetoboka. Siku mbili tatu baadaye mama hana unga, hivyo hulifunga lile koti la kuvalia kanisani akalipeleka poni. Nyumbani kunazuka ugomvi, majirani wanapiga mayowe, na polisi wanaitwa. Richardson aliona kwamba ukikata ngazi pale chini, kule juu hakuna atakayefika. Bila pombe hakuna haja ya poni, na bila hizo mbili polisi watakuja kufanya nini?

Ni mawazo mazuri, lakini tusiwe watu wa kuitikia ndiyo bwana kila wakati. Jiulize, ni nani aliyeitunga sheria hiyo? Si wafanyakazi. Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mwenye ardhi. Ukimkosea kazini, utalala wapi? Tena aliyekuwa na kiu alikuwa na miguu, na Newry haikuwa mbali. Kwa hivyo kijiji kilikuwa safi, naam, lakini usafi wake ulitegemea hiari ya mtu mmoja mwema. Je, asingekuwa mwema?

MAENDELEO YALIYOWASHANGAZA WENGI

Mtu asidhani kwamba watu hawa wa dini walikuwa washamba. Mwaka wa 1885 walifungua reli ndogo kati ya Bessbrook na Newry, na magari yake yaliendeshwa kwa umeme uliotokana na nguvu za maji ya mto Camlough. Wakati huo miji mingi mikubwa ilikuwa bado ikivuta tramu zake kwa farasi! Magari yake ya mizigo yalikuwa na magurudumu ya ajabu. Yaliweza kuteremka kutoka relini yakaendelea barabarani, yakikokotwa na farasi mpaka mzigo ufike ulikotakiwa. Reli hiyo ilifanya kazi hadi mwaka wa 1948, mabasi na malori yalipoishinda.

Karibu na hapo pia kuna daraja la Craigmore lenye matao kumi na manane, lililofunguliwa mwaka wa 1852. Mpaka leo garimoshi la Belfast na Dublin hupita juu yake.

KIWANDA CHAGEUKA KAMBI

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Nguo za bei nafuu na nyuzi za kutengenezwa kwa kemikali zilikishinda kitani sokoni, na mwaka wa 1972 kiwanda cha Bessbrook kilifungwa. Wakati huo Ayalandi ya Kaskazini ilikuwa imewaka moto. Wakatoliki wengi walitaka kuungana na Jamhuri, na Waprotestanti wengi walitaka kubaki na Uingereza. Watu wenye silaha wa pande zote walikuwa wakiuana, na jeshi la Uingereza liliingia kati.

Jeshi hilo lilihitaji mahali pa kukaa. Likakaa wapi? Ndani ya kiwanda cha Richardson! Yule aliyekataa meli zake zisibebe askari, jengo lake likawa kambi ya askari. Barabara za kusini mwa Armagh zilitegwa mabomu, kwa hivyo wanajeshi na chakula chao vilisafirishwa kwa helikopta. Uwanja wa Bessbrook ukawa miongoni mwa viwanja vya helikopta vyenye shughuli nyingi zaidi Ulaya. Hebu fikiria mtoto anayejaribu kufanya hesabu zake huku helikopta zikinguruma juu ya paa mchana na usiku. Mji usio na polisi ukawa mji wa bunduki.

JIONI YA TAREHE 5 JANUARI 1976

Usiku wa tarehe 4 Januari 1976, Waprotestanti wenye silaha walizivamia nyumba mbili za Wakatoliki. Watu sita walikufa kutokana na mashambulizi hayo, mmoja wao baada ya wiki kadhaa.

Kesho yake jioni, basi dogo lilikuwa likiwarudisha wafanyakazi nyumbani kuelekea Bessbrook kutoka kiwanda cha nguo cha Glenanne. Pale Kingsmill lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Wakawateremsha abiria, wakawapanga, wakauliza: Mkatoliki ni nani kati yenu? Alikuwepo mmoja tu. Wenzake Waprotestanti wakadhani kwamba yeye ndiye anayetafutwa auawe. Basi wawili waliokuwa kando yake wakamshika mkono kimyakimya ili asijitokeze, asijisaliti.

Kumbe hawakumtaka yeye. Walimwambia akimbie. Kisha wakawamiminia risasi wale kumi na mmoja waliobaki. Kumi walikufa. Mmoja aliokoka akiwa na majeraha kumi na manane. Mwaka wa 2024 uchunguzi wa mahakama uliamua kwamba waliofanya hivyo ni IRA, na kwamba watu hao waliuawa kwa sababu ya dini yao tu.

Damu haikuishia hapo. Tarehe 12 Februari 1997 askari kijana wa miaka 23 alipigwa risasi akiwa kwenye kizuizi hapo Bessbrook, alipokuwa akimrudishia mama mmoja leseni yake ya kuendesha gari. Mama huyo naye alijeruhiwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 1998, mapatano ya amani yalitiwa sahihi mjini Belfast. Mwaka wa 2007 wanajeshi walifunga kambi na helikopta zikaondoka.

TABIA YA KIJIJI

Sasa turudi kwenye swali letu. Ukiondoa vishawishi, watu watakuwa wema? Wengine watasema Bessbrook ni ushahidi kwamba haiwezekani, maana pombe ilikatazwa lakini mauaji yakaja vilevile. Mimi sikubaliani nao kabisa, wala siwakatalii kabisa. Sheria ya Richardson ilizuia ulevi, na familia nyingi zilinufaika. Lakini haingeweza kuzuia chuki, kwa sababu chuki haiuzwi katika duka ambalo unaweza kulifunga. Ilikuja kwa njia ya siasa, mpaka na historia ndefu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wageni wanaofika Bessbrook hupiga picha zile nyumba za mawe na vile viwanja vya kijani, wakasimulia habari za P tatu. Huo ndio mlango. Ndani yake ni ule mkono ulioshikwa gizani pale Kingsmill. Hakuna sheria iliyowaamuru wale wawili wamfiche mwenzao wa dhehebu lingine. Hakukuwa na tajiri wa kuwatazama wala polisi wa kuwalinda. Walikuwa wamefanya kazi pamoja, wakapanda basi moja kila siku, na hilo lilitosha. Mkisoma majina ya marehemu kwenye mnara wa kumbukumbu uliopo kijijini, jueni kwamba walikuwa watu wa namna hiyo.

Kwa hivyo, wenzangu, tunapoandika kanuni za shule na za chama chetu, tuziandike vizuri, kwani zina faida. Lakini tusidhani kwamba karatasi iliyobandikwa ukutani itatosha. Tukae dawati moja na yule wa kabila lingine na wa dini nyingine, tumjue, mpaka siku akiulizwa jina lake kwa nia mbaya, mkono wetu umshike bila hata kufikiri.

Mwenye maoni tofauti asinung'unike pembeni. Aje chamani tubishane kwa Kiswahili sanifu!