Dhahabu haipikwi kwenye sufuria

KIGALI. Madini ya bati, koltani, wolframu na dhahabu yakisafirishwa kutoka Rwanda kwenda nje huambatana na cheti cha Kanda ya Maziwa Makuu, kinachoonyesha yalikotoka. Cheti hicho huishia mgodini. Asili yenyewe iko mbali zaidi: ndani ya nyota.

Nyota ni tanuri. Katikati ya Jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15 hivi, viini vya hidrojeni huungana na kuwa heli, na nishati inayotoka ndiyo huanika kahawa na mihogo huku duniani. Nyota kubwa zaidi huendelea: heli huzaa kaboni na oksijeni, hatua kwa hatua hadi chuma. Hapo faida huisha, kwani kuunganisha viini vya chuma hula nishati badala ya kuitoa. Nyota huporomoka, kisha hulipuka na kutawanya mali yake angani.

Bati jingi hupikwa polepole ndani ya nyota zee zilizovimba. Dhahabu huhitaji vurugu kubwa zaidi. Agosti 17, 2017, mitambo ya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Mwanga uliofuata ulionyesha elementi nzito zikizaliwa palepale. Dunia ilipoumbwa, miaka kama bilioni 4.5 iliyopita, ilirithi mabaki ya matukio ya kale ya namna hiyo.

Kwa mfanyabiashara, somo hili lina thamani ya fedha. Anayeuza dawa ya kugeuza shaba kuwa dhahabu anadai sufuria yake inafanya kazi ya nyota. Moto wa mkaa na tindikali havigusi kiini cha atomu.

Mizani nayo haitoshi. Wolframu, inayochimbwa Rwanda, ina uzito karibu sawa na wa dhahabu: takriban mara 19 ya maji ya ujazo uleule. Kipande cha wolframu kilichopakwa dhahabu kinaweza kupita. Lakini dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064, wolframu hadi nyuzi 3,422. Mnunuzi makini hutaka kipande kiyeyushwe mbele yake, ndipo ahesabu fedha.