Shamba la Nyumbani, Mmiliki wa Ng'ambo: Uraia, Ukaaji na Ushuru wa Ardhi Nchini Kenya

Neno kodi lina maana mbili katika Kiswahili: malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na malipo ya mwananchi kwa serikali. Katika makala haya ya kwanza yataitwa pango na ya pili ushuru, kwani kwa Mkenya aliyehamia Marekani akaacha nyumba Nairobi, mambo haya mawili hukutana kila mwezi.

Suala la kwanza ni umilikaji wenyewe. Kifungu cha 65 cha Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 kinamruhusu asiye raia kushikilia ardhi kwa mkataba wa kukodi pekee, nao usizidi miaka 99. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, huhesabiwa kuwa wa miaka 99. Kampuni nayo haichukuliwi kuwa raia isipokuwa imilikiwe yote na raia. Hisa moja ya mgeni yatosha kuigeuza.

Mgeni anayezungumziwa hapa si lazima awe mtoka mbali. Katiba ya awali haikuruhusu uraia wa nchi mbili: aliyetimiza miaka 21 akajipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari alipoteza ule wa Kenya papo hapo. Aliyekula kiapo Marekani mwaka wa 2005, kwa mfano, akiwa na shamba la urithi, aliikuta Katiba mpya akiwa asiye raia. Jedwali la Sita la Katiba hiyo liliurejesha umilikaji wa kudumu wa watu kama hao kwa Jamhuri, wakapewa badala yake mkataba wa miaka 99 kwa pango la jina tu. Hatimiliki iliyo sandukuni huenda yasomeka vilevile. Haki iliyomo ndiyo iliyopungua. Hata hivyo, Kifungu cha 14 kinamruhusu raia wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kuomba arudishiwe.

Ushuru, kwa upande wake, hauulizi uraia bali ukaaji. Mwenye makao ya kudumu Kenya, aliyekuwapo nchini kwa muda wowote katika mwaka, ni mkaazi. Asiye na makao hayo sharti afikishe siku 183 katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Tofauti si ndogo. Tangu Januari 2024, mkaazi anayepokea pango la nyumba za kuishi la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5, asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 bila kuondolewa gharama. Kwa pango la shilingi 60,000 kwa mwezi, mmoja hulipa 4,500 na mwingine 18,000. Akiuza, faida hutozwa asilimia 15 tangu 2023.

Marekani nayo huwatoza raia wake ushuru wa mapato popote yatokako, na Kenya haina mkataba nayo wa kuepusha ushuru maradufu. Ahueni imo katika sheria ya Marekani yenyewe, inayoruhusu, kwa kiwango maalumu, kuondoa ushuru uliolipwa Kenya katika ule unaodaiwa huko. Ushahidi wake ni stakabadhi. Nayo haipatikani ikiwa mpangaji au wakala hakuukata ushuru huo na kuuwasilisha.