Bwawa la Bustani Wakati wa Baridi

Huko Uingereza, ambako bustani si haba zina bwawa dogo la samaki na mayungiyungi, majira ya baridi huja na hofu ambayo aghalabu haielekezwi mahali pake: mwenye bwawa huiogopa baridi yenyewe, ilhali baridi peke yake ni nadra kuwaua samaki wake. Maji yana tabia ya ajabu, nayo ni kwamba huwa mazito kuliko wakati wowote yafikapo nyuzi 4 za Selsiasi, na yakizidi kupoa hurudi kuwa mepesi, yakapanda juu na kugandia huko. Ndiyo maana barafu huelea, kama ieleavyo katika bilauri ya maji ya ndimu, na chini yake, bwawa likiwa na kina cha sentimita 60 au zaidi, husalia maji yasiyoganda, ambamo samaki hutulia karibu na matope, mapezi yakitikisika kwa shida na matamvua yakifunguka na kufumba polepole.

Kinachoua ni kukosa pumzi. Majani yaliyopukutika na kuzama huoza, na kuoza huko hula oksijeni na kutoa gesi ambazo siku nyingine hutoweka hewani. Lakini barafu ikiufunga uso wa bwawa kwa siku nyingi, gesi hukosa njia, na theluji ikilala juu ya barafu huzuia nuru, hata mimea ya majini, ambayo ingalitoa oksijeni mpya, ikashindwa kuitoa. Baadhi ya vyura madume, walalao matopeni wakivuta pumzi kwa ngozi, hufa namna hiyo, na maiti zao huonekana barafu iyeyukapo.

Kwa hiyo tadbiri kubwa hufanywa kabla ya baridi kuwasili. Wavu hutandazwa juu ya bwawa majani yanapoanza kuanguka, mashina yaliyokufa hukatwa, na tope lililozidi huzolewa, bila kulimaliza, kwa kuwa wadudu wengi hujihifadhi humo. Pampu, ikiwa itaachwa ifanye kazi, huinuliwa kutoka chini, isije ikayavuruga maji yenye uvuguvugu wa chini na kuyachanganya na ya juu.

Katika chakula, huruma ndiyo impotoshayo mtu. Maji yashukapo chini ya nyuzi 10, tumbo la samaki hufanya kazi kwa uzito mno, naye hahitaji kulishwa. Chakula kinachotupwa kwa mapenzi huzama, kikaungana na majani katika kuoza.

Barafu ikishashika, haifai kuipiga nyundo, maana kishindo husafiri majini na kuwadhuru samaki. Sufuria ya maji ya moto, ikiwekwa juu ya barafu, huiyeyusha taratibu hata ikatoboa tundu, mradi imefungwa kamba isizame. Chumvi, inayotumika kuyeyusha barafu barabarani, haina nafasi hapa. Theluji nayo ifagiliwe kutoka ukingoni, kwa ufagio wa mpini mrefu, na mtu asithubutu kuikanyaga barafu.

Baada ya hapo samaki waachwe. Maji yakirudi juu ya nyuzi 10, nao wakianza kupanda wenyewe, walishwe kidogo kidogo, kwanza kwa chakula chepesi cha kiini cha ngano.