Mbwa wa Babu Habweki: Jibu kwa Mdogo Wangu Juu ya Mbwa wa Kuwinda Kindi



Juma lililopita mdogo wangu, mwenye shamba la kakao upande wa Mangina, alinitumia video kwenye simu. Ndani yake Mmarekani mmoja anatembea msituni na mbwa wawili wadogo. Mbwa wanakimbia mbele, wanafika chini ya mti, wanaanza kubweka huku wakiangalia juu. Mzee anakuja polepole, anainua bunduki, kindi anaanguka. Chini ya video mdogo wangu akaandika: "Yaya, ile ni mbwa gani? Kampala banaiuzisha ngapi? Kindi banamaliza kakao yangu."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, juu naijua hesabu ya lile shamba. Kindi hali mbegu ya kakao peke yake. Anatoboa tunda, ananyonya ule utamu mweupe unaozunguka mbegu, anaenda kutoboa lingine. Tunda lililotobolewa linaingia maji na kuoza. Ili upate kilo moja ya kakao kavu unahitaji matunda kama 25 hivi. Sasa hesabu mwenyewe: kindi wakiharibu matunda 50 kwa juma, ni kilo mbili zimeenda. Na ndani ya zile kilo mna minerval ya watoto wawili.

Juu nilisoma udaktari wa mifugo hapa UCG, mdogo wangu alifikiri nitamjibu kwa neno moja: nunua mbwa fulani. Jibu lilikuwa refu kuliko pale, na nimeona linaweza kusaidia wengine. Ndiyo maana naliandika hapa.

MBWA WA KWENYE VIDEO

Wamarekani wana mbwa waliozalishwa hasa kwa kazi ya kindi. Wanaojulikana zaidi ni Feist, mbwa mdogo mwenye miguu myepesi, na Mountain Cur, ambaye ni mkubwa kidogo na mwenye nguvu. Warusi wana Laika, waliyemtumia miaka mingi kuwinda kindi kwa ajili ya manyoya yao. Wafini nao wana mbwa wao mwekundu mwenye mkia uliojikunja, Finnish Spitz.

Wote hao, kazi yao ni moja. Mbwa anamtafuta kindi kwa pua, macho na masikio, anamkimbiza mpaka apande mti, halafu anabaki chini akibweka bila kuchoka. Kubweka kunafanya mambo mawili: kunamwambia mwindaji mti ni upi, na kunamfanya kindi amwangalie mbwa, asione mtu anayekuja kutoka upande mwingine. Kwa hiyo wale wazalishaji, kizazi baada ya kizazi, walichagua mbwa mwenye mdomo. Mbwa ambaye hakubweka chini ya mti hakuzalishwa tena.

Ni kazi nzuri kwa msitu wao. Kule majani yanaanguka wakati wa baridi, miti inabaki mitupu, na kindi anaonekana. Tena mwenye bunduki anawinda kwa amani.

MBWA WA KWETU

Babu yangu, kabla hatujakimbia, alikuwa na mbwa jike mwekundu, mwenye kifua cheupe, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni kama konokono. Hakubweka. Wakati mwingine, jioni, alitoa sauti ya ajabu, katikati ya wimbo na kilio, basi. Mimi nikiwa mtoto niliona aibu naye, juu jirani alikuwa na mbwa aliyebweka mpaka wageni wanaogopa. Siku moja nikamuuliza Babu kwa nini hatuna mbwa wa kweli. Akanijibu: "Mutoto, imbwa ya kupiga kelele inalinda mulango. Hii inalinda tumbo."

Babu alikuwa akimfunga kengele ya mti shingoni, ile ambayo Wambuti wanaifunga mbwa wao wakienda kuwinda kwa nyavu. Kengele ndiyo ilikuwa mdomo wake. Babu alinifundisha kuisikiliza. Ikilia haraka na kwa kukatika, mbwa anakimbiza. Ikilia polepole, anatafuta. Ikinyamaza ghafla, mbwa amesimama chini ya mti, amenyoosha shingo, anaangalia juu. Ukimya ule ndio uliotuambia twende.

Katika msitu wetu wa majani mazito mwaka mzima, macho hayakufikishi mbali. Unahitaji mbwa mwenye masikio makubwa na mwili mwepesi, mwenye kupita chini ya miti iliyoanguka na ndani ya majani marefu. Mbwa wa aina hii ana kilo kama 10 au 11, na urefu wa sentimita 40 hivi mpaka begani. Anavumilia joto. Anakula kidogo. Anawinda bila kelele, kwa hiyo mnyama hajui kwamba anakuja mpaka amekaribia.

Na leo kuna sababu nyingine ambayo Babu hakuiwaza. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni tunajua maana ya kwenda shamba na kutorudi. Mbwa wa kubweka na mlio wa bunduki katika shamba lako ni kumtangazia kila mtu mahali ulipo, wa kirafiki na asiye wa kirafiki. Mdogo wangu, hilo uliliona kwenye video?

JINA LA MATUSI

Yule mbwa wa Babu, duniani ana jina: Basenji. Kila msemaji wa Kiswahili akilisikia anashtuka, na ana haki. Ni lilelile neno "washenzi". Wazungu waliuliza hawa ni mbwa wa nani, wakaambiwa ni mbwa wa basenji, yaani watu wa porini, wasiostaarabika. Tusi lile likageuka kuwa jina rasmi la mbwa anayeuzwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani.

Waingereza walijaribu kumpeleka kwao mwaka 1895. Wale wa kwanza walioonyeshwa kule walikufa kwa ugonjwa ambao sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunauita maladi ya Carré. Walijaribu tena mwaka 1923, wakakufa tena. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo walifaulu, na mwaka 1937 watu walijaa kwenye maonyesho ya Crufts kuangalia mbwa wa Kongo asiyebweka.

Lakini walikuwa wameanza na mbwa wachache mno. Walipozalishana wao kwa wao, magonjwa ya damu yakaongezeka, hasa ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Walifanya nini? Walirudi huku. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wachache walikuja Zaïre, wakafika mpaka kaskazini-mashariki ya inchi, wakachukua mbwa kutoka vijijini, na mwaka 1990 chama chao kikubwa cha mbwa kilifungua daftari lake ili kuwapokea. Waliokuwa na mbwa wa bei kubwa walikuja kutafuta uponyaji kwa mbwa wa kijijini, wa watu walioitwa washenzi.

Wataalamu wa jeni nao wanasema Basenji ni kati ya matawi ya zamani kabisa katika mti wa ukoo wa mbwa wa dunia. Sisi tunamrushia mawe sokoni.

JINSI ANAVYOPOTEA

Hapa naomba wanafunzi wa biolojia wanisikilize vizuri. Mbwa wengi wa mjini, jike anapata joto karibu mara mbili kwa mwaka. Basenji, kawaida ni mara moja tu. Sasa weka mbwa wa aina hizi mbili katika cité moja, bila ulinzi wowote. Kwa miaka michache damu ya wa mjini inafunika ile ya msituni. Hakuna aliyewaua. Wanazidiwa tu kwa hesabu ya uzazi.

Zamani msitu ndio uliowatenganisha. Kijiji kilikuwa mbali, mbwa walizaana kati yao, na wawindaji walimpa chakula kizuri yule aliyefanya kazi. Vita vimevunja hiyo mipaka. Familia zinakimbilia Beni, Oicha, Butembo, na mbwa aliyefuata anachanganyika. Wengi hawafuati. Sisi tulipokimbia usiku, kila mtu alihesabu watoto. Hakuna aliyemhesabu mbwa. Tuliporudi kuangalia nyumba baada ya miezi, tulimkuta jike mmoja tu, binti wa yule wa Babu, amekonda, analala mbele ya mlango uliovunjwa. Huyo ndiye mdogo wangu anaye leo shambani. Ndiye anayetaka kumbadilisha kwa mbwa wa Kampala.

NYAMA NA MAGONJWA

Siwezi kuwasifu mbwa na kunyamaza juu ya kindi mwenyewe.

Msituni kwetu mna kindi wa aina nyingi. Kuna mkubwa wa juu kabisa ya miti, anayevunja mbegu ngumu za mawese. Kuna wale wa kuota jua kwenye matawi. Na kuna wadogo wenye mistari ubavuni, wanaopenda kukaa chini, karibu na michikichi na mashamba ya watu. Hawa wa mwisho ndio wezi wa kakao. Na ni kwa kindi wa kundi hili ndipo, mwaka 1985, katika Équateur, wataalamu walitoa virusi vya mpox kutoka kwa mnyama wa porini aliyekuwa mgonjwa. Mpox ndiyo ile ambayo OMS iliitangazia dunia nzima hatari tarehe 14 Agosti 2024, baada ya kusambaa kutoka Kivu ya Kusini.

Sisi wa Mangina hatuhitaji kufundishwa neno epidemi. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na ilichukua watu zaidi ya 2,200. Mbwa nao wanaingia katika hesabu hii: kule Gabon, baada ya Ebola ya 2001 na 2002, watafiti walipima damu ya mbwa wa vijiji wakakuta baadhi yao walikutana na virusi bila kuonyesha ugonjwa wowote, juu walikula mabaki ya nyama za porini. Haimaanishi mbwa alileta Ebola. Inamaanisha usimtupie mbwa mzoga ambao hujui umekufa na nini.

NILICHOMJIBU

Kwanza, acha pesa yako mfukoni. Mbwa wa kigeni akifika Beni anakutana na kupe, mbung'o na magonjwa ambayo mbwa wa hapa wameishi nayo vizazi vingi. Utanunua kaburi.

Pili, mbwa uliye naye ndiye wa kazi hiyo. Mfunge kengele. Zunguka naye asubuhi mapema na saa kumi za jioni, wakati kindi wanashuka kula. Vuna matunda yaliyoiva kila juma, usiyaache mtini yakimngojea mwizi. Fyeka pembezoni mwa shamba na ukate kamba za miti zinazogusa kakao, juu zile ndizo barabara zao. Mbwa bila usafi wa shamba ni kazi ya bure.

Tatu, usimshike kindi aliyekufa au anayesinzia mchana kwa mikono mitupu, na watoto wasimguse. Mzike.

Ine, chanjo. Mbwa wa kuwinda anauma na anaumwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku ileile, usingoje. Na tukifikisha chanjo kwa mbwa 70 kati ya 100 katika cité, ugonjwa unakosa njia.

Tano, sheria. Shamba lako ni lako, lakini uwindaji una sheria yake tangu tarehe 28 Mei 1982, na unadai kibali. Ndani ya Virunga usiingie kabisa. Kule wana mbwa wao pia, wa pua kubwa, waliofundishwa tangu 2011 kufuata harufu ya majangili. Ukiingia na mbwa wa kuwinda, utakutana na mbwa wanaowinda wawindaji.

Sita, na hili ndilo nililomwomba kwa magoti: joto lake likifika, umfungie ndani. Tutamtafutia dume wa masikio yaliyosimama na asiyebweka. Nimeshaanza kuuliza kwa Wambuti wa barabara ya Mbau.

Mdogo wangu alinyamaza siku mbili. Halafu alinitumia video nyingine, fupi, aliyoipiga mwenyewe. Hakuna bunduki wala kelele. Ni kakao tu, majani makavu, na kengele inayolia mbali. Inalia, inalia, halafu inanyamaza. Chini ya video aliandika: "Yaya, amesimama."

Wandugu, kama kule kwenu Eringeti, Kyondo, Manguredjipa au kwingine kuna dume wa namna hiyo, niandikieni hapa chini. Sinunui. Natafuta mchumba wa mbwa.