Baridi ya Njombe nusura initoe roho!

Sikufichi msomaji, mimi mtoto wa Temeke baridi nilikuwa naijua ya kwenye soda tu. Julai mwaka jana nikatua Njombe kwa shangazi, na sweta moja la mtumba. Usiku joto likashuka chini ya nyuzi 10, meno yanagongana kama kete za bao.

Asubuhi nikaambiwa nikaoge. Nikagoma! Shangazi akacheka, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kuna pipa la lita 200 limelazwa juu ya meko ya matofali, chini zinawaka kuni za miwati. Maji baridi kutoka tangi la juu yanaingia kwa chini ya pipa, yanayasukuma ya moto yatokee juu hadi bafuni. Kuna na kibomba cha kutolea mvuke. Kikiziba, pipa laweza kupasuka. Nilioga mpaka nikagongewa mlango.

Kasheshe likaja usiku. Nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha. Moshi hakuna, nikajiona mjanja. Shangazi akaingia bila hodi, akalibeba nje.

"Unataka nikurudishe kwa baba yako kwenye sanduku?"

Kichwa kilishaanza kuniuma, miguu imelegea, nami nadhani ni baridi. Kumbe mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Unalala jumla! Moto wa sebuleni kwa shangazi una bomba linalotoa moshi juu ya bati.

Nililala na mablanketi matatu, miguuni chupa ya maji ya lile pipa.