Lawama Zinazobebeshwa Pikapu za Mbeya na Iringa

Katika miji ya Mbeya na Iringa, na katika vijiji vilivyotapakaa juu ya milima inayoizunguka, imekwisha kutolewa zamani hukumu moja ambayo aghalabu hairudiwi kusikilizwa, ya kwamba pikapu za kale ndizo zilizokuwa magari, na hizi za leo, zenye kompyuta tumboni na taa nyingi mbele ya dereva, ni mapambo ya kuendea harusini. Utaisikia Mafiati na Soweto kwa mafundi wenye mikono myeusi kwa grisi. Utaisikia Ipogolo kwa madereva, Mafinga kwa wauza mbao, na Umalila kwa wakulima wa viazi. Wanaoitoa ni watu wenye haki ya kusema, kwa maana wametia katika magari hayo fedha za misimu mingi ya mavuno, na mtu hasemi mzaha juu ya kitu alichokiuzia ng'ombe. Nimewasikiliza kwa adabu, na sehemu kubwa ya ushahidi wao siwezi kuikanusha; lakini hukumu yenyewe, kwa insafu, naiona imemwangukia asiyestahili.

Yafaa kwanza tuelewane ni gari gani linaloshtakiwa. Huko Marekani pikapu kubwa ni gari la namna ya Ford F-150, la ukoo wa F ulioanza mwaka 1948, lenye urefu unaokaribia mita 6 na upana wa mita 2 na zaidi bila kuhesabu vioo vyake vya pembeni. Kwetu gari hilo ni nadra, na sababu si bei peke yake. Usukani wake uko kushoto, ilhali sisi twapita kushoto mwa barabara. Basi dereva wake akiwa nyuma ya Fuso lililosheheni mbao katika mlima wa Kitonga, na akitaka kujua kama mbele ni kweupe, hana budi ama kulitoa gari karibu lote upande wa pili kabla hajaona kitu, ama kumwomba abiria amchungulie. Kwa hiyo anayesema pikapu kubwa katika Nyanda za Juu Kusini huwa amekusudia Toyota Land Cruiser ya namna ya 79, Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger au Mitsubishi L200, magari yenye urefu wa mita 5 na kitu, yaliyoundwa kubeba takriban tani moja.

Mapenzi ya watu kwa gari la kale yana historia yake. Rhodesia ilipojitangazia uhuru peke yake Novemba 1965, na Zambia ikaona njia yake ya kusini imekuwa ya mashaka, mafuta na shaba vilianza kupita katika barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo zama hizo ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika ililaza malori matopeni kwa siku nyingi. Lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitandikwa juu ya barabara kuu tu. Atokaye hapo kwenda Kilolo, Makete au Isangati aliendelea kukutana na udongo mwekundu, utelezi na makorongo. Huko ilitawala Land Rover, kisha zikaja za Kijapani: Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, na Land Cruiser ya namna ya 70, iliyotoka mwaka 1984 na kuzaa pikapu ya 79 mwaka 1999. Injini iliyoipa Land Cruiser hiyo jina ni 1HZ, ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabo wala kompyuta, ambayo pampu yake huzungushwa na injini yenyewe, na ambayo fundi mwenye spana na subira aweza kuifungua chini ya mti na kuifunga tena kabla ya magharibi. Wajapani wenyewe pikapu hiyo ya 79 waliiuza kwao kwa muda mfupi tu, kuanzia mwaka 2014. Ndiyo maana gari la mtumba la aina hii halipatikani kwa wingi kama yapatikanavyo magari madogo, na bei yake haitaki kushuka.

Hayo yote ni kweli, lakini mlima nao una hesabu yake, na hesabu hiyo waisifuo injini ya kale huipita kimya. Injini ya dizeli hula hewa kabla haijala mafuta, na hewa hupungua kadiri mtu apandavyo. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa imekwisha kuwa nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 15. Atakayeifuata barabara ya Chunya, inayopanda mgongoni mwa milima hadi kupita mita 2,000, atakuwa amepoteza karibu sehemu moja ya tano. Injini isiyo na tabo haina hila ya kulipa pengo hilo. Pampu yake, kama haikurekebishwa, huendelea kumwaga dizeli ya kiwango cha pwani katika hewa ya mlimani, na ile isiyopata hewa ya kutosha hutoka kwa nyuma ikiwa moshi mweusi. Wakati huo dereva amekwisha kurudi gia ya pili, mshale wa joto unapanda, na mabasi yanampita. Hilux iliyotoka mwaka 2015, yenye injini ya lita 2.4 tu, hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 400, ilhali 1HZ, pamoja na ukubwa wake wote, hutoa 285. Na kwa kuwa tabo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, hasara ya mlimani huipata kidogo sana. Nimewauliza baadhi ya wenye magari yote mawili watumie lipi kupeleka mgonjwa Mbeya usiku kutoka milimani, na wote, baada ya kuisifu Land Cruiser kwa maneno mengi, walisema wangechukua Hilux.

Kisha huja shtaka zito zaidi, nalo ni la nozo. Husemwa kwamba magari mapya huua nozo, na nozo moja halisi ina bei ya kumfanya mtu aahirishe kuezeka nyumba. Ni kweli hufa. Katika injini ya sasa dizeli husukumwa hadi kwenye nozo kwa presha iwezayo kupita baa 2,000, mara kumi na zaidi ya ile ya 1HZ, na kupenya katika matundu membamba ambayo jicho haliyaoni. Tone la maji au chembe ya mchanga, ambayo injini ya kale ingeimeza kwa kukohoa kidogo, humo hukwangua chuma.

Fundi mmoja wa Mbeya, kijana aliyejifunza kazi kwa baba yake mdogo, ana desturi ya kuifungua filta ya dizeli mbele ya mwenye gari na kumimina kilichomo katika chupa ya jemu, kisha kuiweka chupa juu ya ukuta. "Mzee wangu, tusubiri kidogo kwanza," husema, na kuendelea na kazi nyingine. Baada ya muda dizeli hupanda juu ikiwa na rangi ya chai isiyokolea, na chini yake hutulia maji, na chini ya maji utando wa uchafu kama ukucha kwa unene. "Sasa hapo, mzee, kompyuta imekosa nini?" Mzee mmoja aliyeletewa ushahidi huo aliitazama chupa kwa makini, akasema, "Ndaga, mwanangu, lakini mafuta haya nimenunua kwa shemeji yangu."

Na shemeji huenda hakumdanganya. Zamani dizeli ilichanganywa kwa makusudi na mafuta ya taa, biashara iliyonyong'onyea baada ya EWURA kuanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010 na Serikali kupandisha ushuru wa mafuta ya taa katika bajeti ya mwaka 2011. Yaliyobaki ni maji, na maji hayahitaji mwovu. Pipa lililoachwa nje wakati wa mvua huyapata. Dumu lililosuuzwa kwa haraka huyapata. Na hata tangi la gari lenyewe, likilazwa nusu tupu katika baridi ya Juni na Julai, hutoa jasho kwa ndani na jasho hilo hushuka chini ya dizeli. Gari jipya hutoa habari mapema, kwa taa ndogo ya manjano yenye umbo la filta. Nimeona gari ambalo taa hiyo imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi, kwa utulivu wa nafsi ya dereva.

Mzigo ni mlango wa pili wa dhuluma. Sheria ya vipimo haikuruhusu gunia la mazao kupita kilo 100, lakini gunia la viazi liendalo sokoni mara nyingi huwa limeshonewa kilemba cha wavu juu ya mdomo wake na kujazwa tena mpaka likawa lumbesa. Mwenye pikapu huhesabu magunia, hahesabu kilo. Tukichukua gunia la kilo 140, kumi kati yake ni kilo 1,400, na bado hajapanda mwenye viazi, mke wake, utingo, na kuku. Lori likifanya hivyo hukamatwa katika mizani ya Makambako au Wenda, kwa kuwa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, huyahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu, kwa kuwa uzito wake halali na mzigo haufiki hapo, hupita bila kuulizwa. Mizani yake ni springi.

Kuhusu springi kuna jambo ambalo wanunuzi wa mjini hawaambiwi. Katika pikapu ya dabo kebini chumba cha abiria kimekula urefu wa gari, na bodi ya mizigo imesukumwa nyuma, hata sehemu kubwa ya shehena ikakaa nyuma ya ekseli badala ya kukaa juu yake. Uzito huo huinua pua ya gari, hivyo usukani huwa mwepesi mkononi na breki za mbele hukosa mshiko, jambo la hatari katika mteremko kama ule wa Iwambi. Na kila rasta huikunja chasisi palepale nyuma ya kebini. Mwenye gari akiona nyuma imelala huongeza majani ya springi. Nyuma husimama, naye hufurahi, lakini chasisi ni ileile, nayo sasa imenyimwa hata ule mnepo uliokuwa ukiiokoa. Singo kebini ya kale ilibeba lumbesa zilezile bila kuvunjika kwa sababu shehena ilikaa juu ya ekseli, wala si kwa sababu chuma cha zamani kilikuwa na heri. Anayetaka kubeba viazi angenunua singo kebini hata leo, kama si kwamba anataka pia kuwapeleka watoto shule na kuonekana kanisani.

Mashtaka mengine nayakubali. Gari jipya likizima porini kwa sababu ya kihisio kimoja, maarifa ya dereva hayafai kitu, na mashine ya kulipima iko mjini. Spea bandia ni nyingi, na filta bandia ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hufanana na halisi mpaka siku ya maji. Panya wa mashambani hupenda nyaya za gari jipya, na katika vijiji vya Mufindi nimeambiwa dawa ni kuacha kofia ya injini wazi usiku. Magari yaliyofungwa kichujio cha masizi katika bomba la moshi, kwa kuwa hayakuzaliwa kwa safari fupi za kutoka Soweto kwenda Mwanjelwa na kurudi, huziba, na dawa yake ni kulipeleka gari mbio za barabara kuu kwa kitambo, safari ambayo mwenye kuhesabu mafuta haioni raha.

Nao umiliki wenyewe huku si wa mtu mmoja. Kijijini pikapu ni ya ukoo, na ikiwa ndiyo pekee, ni ya kijiji: hupeleka mjamzito hospitalini, huleta jeneza, hubeba viti vya msibani na mabati ya shule. "Kamwene, mnyalukolo," mtu huamkia mlangoni alfajiri huko Kilolo, na mwenye gari hutafuta ufunguo kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Mafuta huchangwa, springi haichangwi. Matumizi hayo hayamo katika kitabu cha huduma, ambacho huhesabu kilomita na kudhani kila kilomita ni sawa na mwenzake.

Kwa wengi mlango wa kuingilia katika umiliki huo ni mnada wa magari ya Serikali na ya miradi, ambako Hilux iliyotumika miaka kadhaa huuzwa ilivyo, na wanunuzi hukusanyika wakiisikiliza injini ikiunguruma. Wazoefu wa Mbeya hawaanzi na injini. Huingia chini na tochi, wakaitazama chasisi nyuma ya kebini wakitafuta alama ya kuchomelewa, kisha wakahesabu majani ya springi na kuyalinganisha na ya kiwandani, kisha wakaulizia filta ya dizeli ilibadilishwa lini na kwa risiti ya duka gani. Na kama majibu hayo matatu hayakuwaridhisha, hawaombi hata kofia ya injini ifunguliwe.