Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: Maiki ya kondensa kwa bendi yenye mshiko mdogo

Kama uko hapa Mwanza na una bendi, au una mshikaji mwenye bendi, leo kaa mkao wa kula. Tunazungumzia kidude kidogo kinacholiza wanamuziki wengi wa Kanda ya Ziwa: maiki ya kurekodia.

Hali yenyewe mnaijua. Vijana watano au sita wanapiga harusi mbili tatu, wanajichanga, wanatinga studio. Wakifika, prodyuza anamtaka mwimbaji tu. Mengine yote, anasema, atayatengeneza kwenye kompyuta. Mpiga besi anabaki nje anakula karanga. Mpiga tumba ndio kabisa, haitwi hata kuonja. Wimbo ukitoka ni wa mwimbaji na kompyuta, halafu tunashangaa miezi mitatu baadaye bendi imesambaratika, kila mtu kivyake! Kwa hiyo bendi inayoamua kujirekodi yenyewe mimi naivulia kofia. Balaa huwa linaanzia dukani.

Kuna washkaji fulani, maskani yao Mabatini, walimaliza mchango wao wote kwa maiki moja kubwa, inang'aa ile mbaya. Wakarudi nayo mbio, wakaichomeka kwenye amplifaya ileile ya kupigia harusini. Kimya. Wakapuliza, fuu, fuu. Kimya. Wakaigonga kichwani. Kimya vilevile. Mpiga solo akamgeukia kiongozi kwamba kala cha juu na kuleta kitu kibovu, nusura wazichape. Kumbe maiki ilikuwa nzima kabisa. Muuzaji, ambaye simtaji, hakuwaambia kwamba kondensa inakula umeme wake.

Iko hivi. Maiki ya kawaida, ile ya MC na ya kwaya, inaitwa dainamiki. Ndani kuna koili ya waya karibu na sumaku. Sauti ikiitikisa koili, umeme unazaliwa wenyewe. Mfano wake maarufu duniani ni Shure SM58 ya tangu mwaka 1966. Kondensa haina koili wala sumaku. Ina utando mwembamba mno mbele ya kipande cha chuma, na bila umeme kutoka nje hakuna kinachotoka. Umeme huo ni volti 48 na unapita kwenye waya uleule wa pini tatu unaoleta sauti, ndiyo maana mafundi wanauita fantomu, yaani mzuka: upo lakini huoni waya wake. Tazama miksa yako kama ina kitufe kilichoandikwa 48V. Kama hakipo, bajeti ya maiki ni lazima iwe pia na bajeti ya miksa nyingine, au ya kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta kinachoitwa intafesi. Washkaji wa Mabatini hilo walilijua baada ya ugomvi.

SASA TUINGIE SOKONI

Wenye nazo wananunua Neumann U 87, Mjerumani wa mwaka 1967, zaidi ya dola 3,000. Hiyo tuwaachie wenyewe. Chini kabisa kuna BM-800 ya Kichina, dola 20 hadi 30, imezagaa kila kona. Kwa nje ni bab kubwa, kofia ya waya kama studio za Ulaya. Ukiifungua, mara nyingi unakuta kidubwasha kidogo tu cha eletreti. Kwa kujifunzia si mbaya. Kwa kumpelekea mtangazaji wa redio wimbo, hapana.

Hapa nitoe angalizo, maana wajuaji wamejaa. Utasikia mtu anasema kila maiki yenye eletreti ni feki. Si kweli! Eletreti ni kondensa ambayo tayari imetiwa chaji ya kudumu, waligundua Gerhard Sessler na James West kule maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962. Audio-Technica AT2020, ambayo kwa mawazo yangu ndiyo ya kwanza kuitafuta, nayo ni ya namna hiyo. Huko Marekani imekuwa ikiuzwa karibu na dola 100. Hapa kwetu ongeza nauli na faida ya kila mtu aliyeishika njiani. Ila hakikisha unachukua ile ya waya wa pini tatu, siyo ya USB. Ya USB ni nzuri kwa mtu mmoja na kompyuta yake, lakini bendi ikitaka maiki mbili tatu kwa mpigo mtatafutana.

Akija mtu na Rode NT1 ya Australia atakwambia hiyo iko kimya zaidi, na hadanganyi. Kila kondensa ina mchemko wake mdogo, shshsh, hata chumba kikiwa kimya. Wa AT2020 ni desibeli 20, wa NT1 mpya ni kama 4 tu. Bei nayo inapanda. Swali ni moja: ninyi mnapiga nini? Kama ni dramu, tumba na magitaa matatu, huo mchemko hakuna atakayeusikia, weka pesa mfukoni. Kama ni mzee wa Kagera na nanga yake, au litungu la Wakurya lipigwe taratibu na mtu mmoja akisimulia, hapo ukimya unalipiwa, na unalipiwa kwa haki. Kwa ngoma za bugobogobo za Wasukuma cha kuangalia ni kingine kabisa, yaani maiki inavumilia kelele kiasi gani kabla ya kupasua sauti. AT2020 inafika desibeli 144. Inatosha na chenji inabaki.

Ukiwa dukani tafadhali usipulize. Najua ni ugonjwa wetu wote, lakini utando wa kondensa haupendi mate. Omba ichomekwe kwenye kitu chenye 48V, vaa hedifoni, nyamaza, sikiliza mchemko. Halafu ongea ukiizunguka. Maiki nzuri ya kurekodia bendi inasikia mbele, na ukifika mgongoni sauti yako inapungua sana. Kama mbele na nyuma ni sawasawa, rudisha na uage kwa adabu.

Je, mnunue ngapi? Si lazima kila mtu awe na kondensa yake. Spika ya gitaa na ngoma ya karibu iwekee dainamiki mliyonayo, zinapenda kelele. Kondensa mpe mwimbaji, umbali wa kama shubiri moja, na mbele yake weka soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye henga ya waya ili kuzuia zile "p" zinazolipuka. Mkipata nyongeza, chukueni jozi ya kondensa nyembamba kama tochi ndogo, mfano Behringer C-2, zinauzwa mbili pamoja, na dukani huko nje jozi haifiki dola 100. Hizo zitundikwe juu ya dramu na tumba, au zisimame mbele ya bendi nzima.

Mbele ya bendi nzima? Ndiyo, kaka! Bendi za zamani zikiingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam watu walipiga wote kwa pamoja, chumba kimoja, mmoja akikosea mnaanza upya. Zile rekodi mpaka leo zinatuliza wazee baa. Kazi kubwa ilikuwa kujipanga: mwenye sauti kubwa anarudi nyuma, mwenye ndogo anasogea.

CHUMBA NDIO MTIHANI

Kondensa inasikia mambo ambayo hukuagiza. Bati likitanuka juani, inasikia. Makorongo wetu wale wakubwa wakitua kwenye paa, inasikia miguu. Bodaboda, fundi wa kuchomelea mageti, honi ya meli bandarini, vyote vimo. Na ukirekodi kwenye chumba kitupu cha ukuta wa saruji, maiki ya dola 3,000 itasikika kama mko ndani ya pipa. Kabla hamjaongeza dola 50 kwenye maiki, nendeni Mlango Mmoja, tafuteni mablanketi mazito ya mtumba, yatundikeni nyuma na pembeni mwa mwimbaji. Rekodini usiku. Mvua ikianza kugonga bati, zimeni tu, piga stori. Wanaoweza kusubiri wangoje miezi ya Juni mpaka Agosti, ukame ukiwa umetulia.

Unyevu wa ziwa nao si mchezo. Maiki ikimaliza kazi irudi kwenye boksi lake pamoja na vile vipakiti vyenye chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vilivyoandikwa usile.

Na muamue mapema nani anakaa nayo nyumbani kwake. MC wa harusi akija kuiazima, na atakuja, mwambieni iko kwa fundi.